Karai Moja, Kazi Mbili

Enzi zile tukiishi Korongo la Doran, siku ilianza kwa kelele. Kwanza maji ya kijito. Halafu kikohozi cha Perce Lowry kwenye hema lake, ng'ambo ya maji. Halafu mimi, nikipasua kuni mlangoni na kumwita binti yangu Thelma aamke avae soksi mbili mbili. Baridi ya Otago, huko kusini mwa dunia, mwezi wa Julai haina adabu.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja. Kuta za mawe, paa la mabati, sakafu ya udongo. Wachimbaji wa zamani waliijenga wakaiacha. Sisi tuliziba matundu yake kwa magunia. Dirisha lilikuwa moja tu, dogo kama kitabu. Lakini watu walijaa! Mimi sijui kuishi bila watu. Anayepita na sungura wawili begani, namwita. Anayekwenda kuchukua barua, namwita. Kabla hajaketi nimeshamwekea kikombe cha chai mkononi, na kabla hajamaliza chai nimeshajua nani kagombana na nani huko korongo la juu.

"Nettie," mume wangu Wattie alikuwa akiniuliza, "hii ni nyumba au ni stesheni?"

"Ni stesheni," namjibu. "Wewe si ulikuwa kondakta? Kata tiketi."

Kweli alikuwa kondakta, wa tramu, yale magari ya reli za barabarani, mjini Dunedin. Kazi zilipokauka nchi nzima, aliachishwa. Tulikaa miezi tukila viazi. Ndipo serikali ikasema: wenye familia waende kwenye vijito, wakatafute dhahabu. Watapewa posho kidogo ya kila wiki, na vifaa. Sisi tulipewa sururu, beleshi, mtaimbo na karai moja la chuma la kuoshea mchanga wa dhahabu.

Kikaango changu kilianguka kwenye lori tulipohama. Basi mimi nikaona karai ni karai. Mchana nilipikia, saa nyingine Wattie alioshea mchanga. Nyama ya kondoo ilipatikana kwa urahisi, maana mwenye shamba la jirani alituuzia kwa bei ya huruma. Nikaikaanga humo, mafuta yakichemka, harufu ikipanda korongo zima. Perce alikuwa akiisikia kutoka kwake.

"Shemeji!" anaita kutoka ng'ambo. "Kuna nini leo?"

"Njoo uone mwenyewe!"

Anakuja na sahani yake. Tukishakula, Wattie analifuta karai kwa gunia, anarudi nalo kijitoni.

Wattie alikuwa na shimo lake. Lilikuwa pale kijito kinapopinda, kwenye rundo kubwa la mchanga na kokoto, chini ya ukingo mrefu kama watu wawili waliobebana.

"Palipo na mchanga mwingi ndipo penye dhahabu nyingi," alisema. "Ni akili ya kawaida."

Alichimba kwa wiki kumi na moja. Kila mvua iliponyesha juu milimani, kijito kilijaa na kulifukia shimo. Alianza tena. Dirishani tuliweka chupa ndogo ya dawa, ya kuhifadhia dhahabu. Ndani yake kulikuwa na vichembe vitatu. Vilikuwa vidogo mno hata Thelma alivitafuta kwa kuitikisa chupa kwenye jua.

Siku moja ya Jumapili, Perce alikuja bila kuitwa. Hakuja na sahani. Nikajua kuna jambo.

"Mmesikia habari za Bwana Haggart?" aliuliza.

Bwana Haggart alikuwa msimamizi wa serikali kwa makorongo yote ya upande ule.

"Ameshapita korongo la juu," Perce akasema. "Ameikuta familia moja haina dhahabu ya kumwonyesha. Kawaandikia waondoke. Baba kapelekwa kambi ya wanaume, kuvunja mawe ya barabara. Mama na watoto wamerudishwa mjini kwa ndugu."

"Kwa muda gani?" Wattie akauliza.

"Hakusema. Ijumaa hii yuko kwetu. Mimi mseja, anihamishe tu, hema langu ni hilo hilo. Lakini nyinyi..."

Mimi nilimtazama Thelma, aliyekuwa akimenya viazi. Alikuwa ameacha kumenya.

Ndugu wa pekee tuliyekuwa naye mjini ni dada yake Wattie, Agnes. Agnes alikuwa akifunga kabati la sukari kwa ufunguo. Kwa Agnes mgeni anabisha hodi hadi anachoka. Lakini sukari ilikuwa jambo dogo. Nilimwaza Wattie katika kambi ya wanaume mia, kwenye barabara nisiyoijua, akila peke yake. Tangu tuoane hatukuwahi kulala nyumba mbili.

"Nitapata," Wattie akasema. "Nitachimba ndani zaidi, chini ya ukingo. Huko mchanga haujaguswa."

* * *

Jumatatu nilikuwa nafua nguo. Nilikuwa na mahali pangu pa kufulia, chini kidogo ya ile kona. Hapo mwamba mtupu ulivuka kijito toka upande mmoja hadi mwingine, na maji yalipita juu yake yakiwa mepesi. Hapakuwa na tope wala mchanga. Nilipapenda kwa usafi wake.

Ghafla nikasikia kishindo, kama mtu aliyemwaga gari zima la makaa. Kisha kimya. Kisha sauti ya Perce: "Wattie! Wattie!"

Nilitupa shati nikakimbia. Ukingo ulikuwa umeporomoka. Wattie alikuwa amefukiwa hadi kifuani. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Perce alimshika mikono akaanza kumvuta.

"Acha kuvuta!" sauti ya mwanamke ikaamuru nyuma yetu. "Utamvunja huyo! Mchimbueni kwanza. Mama, wewe chimba kwa mikono upande huu. Perce, simama pale uangalie ukingo. Ukiona hata kokoto moja inadondoka, piga kelele, na sote tunaruka."

Alikuwa Bibi Rodda.

Lazima niseme ukweli kuhusu Bibi Rodda. Alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, aliyekaa peke yake upande wa juu wa kijito. Alivaa buti za marehemu mumewe. Kila maji yalipopungua, ungemwona amepiga magoti kwenye miamba, anachokoa nyufa kwa kijiko, kama mtu anayemsafisha farasi meno. Watu walimcheka. Mezani kwangu walimcheka, na mimi, Mungu anisamehe, niliwaongezea chai ili waendelee.

Tulichimbua hadi miguu ikatoka. Wattie hakuvunjika, ila mbavu zake ziliumia. Hakuweza kuinama wala kucheka. Kucheka hakukuwa na sababu.

"Bwana Geddes," Bibi Rodda akamwuliza Wattie alipokwisha kukalishwa juu ya jiwe, "nani alikufundisha kuchimba chini ya ukingo na kuacha juu ukining'inia?"

"Hakuna mtu."

"Inaonekana. Ukitaka kukata ukingo, unaanza juu unashuka kwa ngazi. Ngazi, ngazi, mpaka chini. Na hukai chini yake mvua ikishanyesha. Mume wangu alimzika rafiki yake kwa ujinga huo huo. Na kwa nini unachimba hapa?"

"Kuna mchanga mwingi."

"Mchanga mwingi ni mchanga mwingi. Wewe wiki zote hizi umekuwa ukihamisha mchanga. Ungelipwa kwa kuhamisha, ungekuwa tajiri."

Perce alicheka. Wattie alijaribu kukasirika, mbavu zikamkataza.

"Bibi," nikasema, "Ijumaa anakuja Bwana Haggart. Akikuta chupa yetu hivi ilivyo, anatutenganisha. Kama kuna unalojua, tuambie. Nakuomba."

Nadhani alijua tulivyokuwa tukimsema. Korongo ni jembamba, maneno hayapotei.

"Ulikuwa unafulia wapi, mwanangu?" akaniuliza.

* * *

Tulikwenda wote hadi kwenye mwamba wangu. Wattie alitembea ameshika mbavu. Nguo zangu zilikuwa bado zimelala pale, na ubao wa kufulia, ule wenye matuta matuta ya kusugulia.

"Perce," Bibi Rodda akasema, "una marisau ya bunduki mfukoni?"

"Mwindaji wa sungura hakosi." Perce akatoa punje chache za risasi.

Bibi Rodda akauweka ubao wangu mteremko, ndani ya maji kidogo. Akachanganya marisau na mchanga mkononi, akaweka juu ya ubao. Akamwaga maji kwa kikombe. Mchanga ukatiririka ukaondoka. Marisau yakateleza kidogo, yakaingia nyuma ya tuta la kwanza na la pili, yakatulia. Akamwaga tena. Hayakutoka.

"Dhahabu ni nzito kuliko haya marisau," akasema. "Mafuriko yanaibeba kwa shida. Inakwenda chini ya mchanga wote, mpaka igonge mwamba. Ikikuta mwamba laini, inateleza inaendelea. Ikikuta ufa, inaingia. Ikishaingia haitoki. Sasa tazama hapa chini ya miguu yako."

Nilitazama. Ule mwamba ulikuwa wa tabaka tabaka, kama kurasa za kitabu kilichosimamishwa. Kila baada ya shubiri moja kulikuwa na ufa. Na nyufa zote zilikingama, zikakata njia ya maji.

"Huu ni ubao wa kufulia," nikasema polepole.

"Ni ubao mkubwa. Na wewe umekuwa ukiukanyaga kila Jumatatu."

"Lakini ni mtupu," Wattie akasema. "Hakuna mchanga hapa. Kitu gani kitakaa hapa?"

"Juu hakuna. Ndani je, umeangalia?" Akatoa mfuko wake. Ndani mlikuwa na kijiko kilichopinda, waya wenye ndoano, kisu kikuukuu cha jikoni na brashi ndogo. "Usichague ufa mpana. Mpana unajaa na kumwagika. Chagua mwembamba, unaobana kuelekea chini. Usichague unaokwenda sambamba na maji, huo ni mfereji tu. Chagua unaoyakinga. Na penye ukoga, ule unyoya wa kijani unaoota juu ya jiwe, ung'oe huo ukoga uuoshe karaini, maana mizizi yake inashika chembe kama chujio la chai."

Aliingiza mtaimbo wetu katika ufa mmoja, akapasua kipande cha mwamba kama mtu anayefungua ukurasa. Juu kulikuwa na changarawe. Aliitupa pembeni. Chini yake kulikuwa na udongo mzito wa kijivu, uliojipakia kwa nguvu.

"Watu wengi wanaishia hapa," akasema. "Wanaona udongo wanadhani wamefika mwisho. Hapa ndipo kazi inaanza. Mpaka chini kabisa, mpaka kijiko kigonge jiwe. Halafu brashi. Usiache hata ukucha mmoja wa udongo."

Tulijaza robo ya karai tu. Kwangu ilikuwa ajabu. Wattie alikuwa akijaza makarai arobaini kwa siku.

"Osha wewe," Bibi Rodda akaniambia. "Mumeo hawezi kuinama."

Nilitia karai majini. Nikazungusha. Bibi Rodda akaniongoza: ponda udongo kwa vidole, usiache donge, maana donge la udongo likibingirika linabeba dhahabu na kuondoka nayo. Ponda mpaka maji yawe kama chai ya maziwa. Tikisa ili dhahabu iende chini. Kisha inamisha, acha maji yachukue mchanga kidogo kidogo.

Mchanga ukapungua. Ukabaki ule mweusi, mzito. Halafu nikaiona. Vumbi la njano, jembamba, lilitandaza mkia nyuma ya mchanga mweusi. Nikapiga kelele.

Na papo hapo vumbi lile likainuka. Likaelea juu ya maji, kama unga juu ya chai. Likasogea ukingoni mwa karai.

"Simama!" Bibi Rodda akanishika kifundo cha mkono. "Usitikise! Usipumue!"

Alichovya kidole ndani ya karai, akakisugua na kidole gumba. Akakinusa. Uso wake ukabadilika.

"Kondoo," akasema.

"Nini?"

"Haya ni mafuta ya kondoo! Mmekaanga nyama humu?"

"Kikaango changu kilipotea," nikasema.

"Mwanangu! Dhahabu ya vumbi ikigusa mafuta haizami. Inaelea, inaondoka na maji, wala huioni. Mmekaanga humu mara ngapi?"

Perce ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo:

"Kila siku. Na mimi nilikuwepo."

Nilifikiria wiki kumi na moja. Nilifikiria sahani zote, wageni wote, mikono yote iliyonyooka juu ya karai lile, na sifa nilizopewa. Hata kile kidogo kilichokuwa katika mchanga wa Wattie, upishi wangu ulikuwa umekimwaga mtoni.

"Wattie," nikasema, "ni mimi."

Wattie alinitazama. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka, mkono mbavuni.

"Nettie, usinichekeshe," akasema. "Naumia. Mimi ndiye niliyekuwa nikilifuta kwa gunia! Nilijiona msafi!"

* * *

Jioni ile, kabla jua halijazama, Bibi Rodda alitufundisha kusafisha karai. Sabuni haitoshi. Tuliliweka juu ya moto mkali wa kuni mpaka likawa jekundu, likatoa moshi wote. Likapoa taratibu. Likatoka jeusi, kavu, na rangi ya samawati pembezoni. Nilipotia maji hayakujikunja wala kung'aa. Yalilala bapa. "Hivyo ndivyo," akasema. "Kuanzia leo hili halionani na chakula. Wala usiliguse kwa mikono iliyoshika nyama."

Wattie alimwuliza kuhusu zebaki. Alisikia mjini kwamba zebaki inakamata vumbi lote la dhahabu.

"Inakamata," Bibi Rodda akasema. "Halafu unaichoma ili upate dhahabu yako, na moshi wake unakukamata wewe. Mume wangu alikuwa akiichoma jikoni. Miaka ya mwisho mikono yake ilitetemeka, nikawa namlisha uji mimi. Karai safi na subira vinatosha. Zebaki isiingie nyumba yenye mtoto."

Nami, kwa mara ya kwanza maishani, sikuuliza zaidi.

Jumanne, Jumatano na Alhamisi tulikuwa kwenye mwamba tangu alfajiri. Maji yalikuwa machache, kwa kuwa milimani yote yalikuwa yameganda, na huo ndio wakati wa kazi hii. Vidole vyangu vilipasuka kwa baridi. Perce alishika mtaimbo, mimi kijiko na karai, Thelma akitoka shule aliosha ukoga. Wattie, ambaye hakuweza kuinama, alikaa kwenye jiwe akituchagulia nyufa na kutangaza kama yuko kwenye tramu: "Ufa unaofuata! Shukeni kwa uangalifu!"

Hakuna nilichokikumbuka baadaye kwa furaha kama siku tatu zile. Tuliogopa, lakini tuliogopa pamoja.

Nyufa nyingine zilikuwa tupu. Mbili zilikuwa nzuri. Alhamisi jioni chupa ilikuwa na mstari wa njano chini, mnene kama ukucha wa mtoto.

* * *

Ijumaa Bwana Haggart alifika juu ya farasi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye pua nyekundu na daftari. Nilimpa chai na skonzi zenye jamu ya aprikoti. Alikunywa amesimama. Mtu anayekunywa chai amesimama huwa simwamini.

Wattie akampa chupa. Akainyanyua dirishani, akaizungusha.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Yetu, bwana."

"Nilipopita mara ya mwisho mlikuwa na vichembe vitatu. Imeandikwa hapa." Akagonga daftari. "Leo mna hii. Na baba wa nyumba hawezi hata kuinama, naona. Bwana Geddes, makorongo yote nayajua mimi. Kuna chupa moja inazunguka nyumba hadi nyumba, inanitangulia kwa njia ya mkato. Nimeshaiona mara nne. Nimeanza kuizoea."

"Hii si ya kuazima!" nikasema.

"Kila mtu anasema hivyo, mama."

Aliweka kikombe chini. Akafungua daftari, akatoa kalamu. Niliona kalamu ikishuka kwenye karatasi, na moyo wangu nao.

"Subiri," nikasema. "Una haraka gani? Njoo kijitoni. Chagua wewe mwenyewe mahali kwenye ule mwamba. Nitaosha mbele ya macho yako. Nikikosa, andika unachotaka."

Wattie alinishika mkono. "Nettie, na kama akichagua mahali patupu?"

"Basi achague upande wa mwamba," nikasema, "na mimi nichague ufa."

Bwana Haggart alitazama saa yake. "Karai moja," akasema.

Korongo zima lilikuja kutazama. Habari zilifikaje, sijui, ila mimi nilizoea kuwa ndiye ninayezipeleka. Bibi Rodda alikuja pia, akasimama mbali, mikono mfukoni. Nilimtazama anisaidie. Akatazama juu mbinguni, kama mtu anayepima mvua. Nikaelewa. Akinionyesha, itakuwa ya kuazima.

Bwana Haggart akaonyesha upande wa mbali wa mwamba, ambao hatukuugusa. Nikavua viatu. Nikatembea juu yake, polepole, miguu ikiuma kwa baridi. Ufa mpana. Nikaupita. Ufa uliolala na maji. Nikaupita. Halafu nikauona mmoja, mwembamba, umefunikwa ukoga wote, usioingia hata kidole. Ulikingama kabisa.

"Huu," nikasema.

"Huo?" Bwana Haggart akashangaa. "Hapo hapaingii hata kisu."

"Ndiyo maana."

Niling'oa ukoga nikautia karaini. Perce akapasua kwa mtaimbo. Nikatoa changarawe. Nikafika kwenye udongo wa kijivu. Niliuchokoa kwa kijiko, kwa waya, kwa brashi, mpaka kijiko kikagonga jiwe. Nikasikia mtu akinong'ona nyuma, "Anachukua kidogo mno." Sikugeuka.

Nikaosha. Nikaponda madonge moja moja. Sikuharakisha. Maji yalikuwa tope, kisha maziwa, kisha safi. Mchanga mweupe ukaondoka. Mweusi ukabaki. Nikainamisha karai kidogo, nikalirudisha. Mkia wa njano ukajitokeza. Na mbele ya mkia huo, ikiwa imetulia kabisa, kulikuwa na punje moja bapa, kubwa kama mbegu ya tikiti.

Haikuelea.

Nilimpa Bwana Haggart karai. Alilishika kwa mikono miwili. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga magoti juu ya mwamba, na suruali yake nzuri, akaingiza kidole katika ule ufa.

"Ulijuaje?" akaniuliza.

"Alinifundisha Bibi Rodda," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Yule pale. Tuliyekuwa tukimcheka."

Bibi Rodda alitikisa kichwa, kama mtu aliyesumbuliwa. Bwana Haggart akaandika katika daftari lake. Alisoma alichoandika kwa sauti, ili pasiwe na shaka: familia ya Geddes ibaki Korongo la Doran.

Alirudi nyumbani nasi, akanywa kikombe cha pili. Safari hii alikaa.

* * *

Tulibaki miaka saba. Hatukutajirika. Tulipata chakula, viatu, na vitabu vya Thelma. Nilinunua kikaango. Mafuriko yalikuja kila majira ya kuchipua, na kila yalipopungua nyufa zilikuwa na kitu tena, kidogo. Bwana Haggart alikuwa akituletea familia mpya, watu wa mjini wenye mikono laini. Mimi niliwapa chai, halafu nikawauliza swali moja: "Mnakaangia nini?" Halafu tunakwenda kwenye mwamba. Hakuna ukingo ulioporomokea mtu tena pale, maana wote walikata kwa ngazi. Na Bibi Rodda alianza kuja mezani kwangu. Alikuwa na habari za miaka arobaini ya korongo lile, nzuri kuliko zangu zote, na alikuwa amekosa tu wa kumsimulia.

Kisha vita ikaja, kazi zikapatikana mijini, watu wakaondoka mmoja mmoja. Sisi tuliondoka wa mwisho.

Sasa naishi kwenye nyumba yenye vyumba vinne na mazulia. Wattie amelala makaburini, na Thelma ana wajukuu. Jirani zangu ni watu wema, wanapiga simu kabla ya kuja. Lakini Julai ikifika na barafu ikashika madirisha, naamka mapema bila kuitwa. Nalala nikisikiliza. Najua maji yamepungua huko juu, mwamba umetoka nje, na hakuna mtu aliyepiga magoti juu yake. Nyufa zinajaa zenyewe, chembe kwa chembe. Halafu namkumbuka Wattie juu ya jiwe lake, mkono mbavuni, akitutangazia ufa unaofuata, na mimi na Thelma na Perce tukicheka mpaka kijiko kinaniponyoka. Miaka ile yote saba, jioni ilipofika, nilimwekea Wattie sahani yake mezani, na alikuwepo kuila.